MacGregor: jina la ukoo lililofutwa kwa sheria

Tarehe 3 Aprili 1603, siku mbili kabla Mfalme James VI wa Uskoti hajafunga safari kutoka Edinburgh kwenda London kurithi kiti cha enzi cha Uingereza, baraza lake lilitoa amri ambayo mfano wake ni nadra katika historia ya Ulaya: jina la MacGregor lifutwe. Kila aliyeitwa hivyo alitakiwa kulikana jina lake na kuchukua jingine, na atakayekaidi adhabu yake ilikuwa kifo. Ukiondoa miaka 32 ambayo marufuku hiyo iliondolewa, jina hilo lilibaki haramu mbele ya sheria mpaka mwaka 1774. Kwa sababu hiyo, mtu anayetafuta asili ya jina hili hawezi kufanya kama afanyavyo kwa majina mengine ya Kiskoti, yaani kulifuata jina lenyewe kutoka kitabu kimoja cha kumbukumbu hadi kingine akidhani anafuata damu. Katika ukoo huu jina na damu vilitenganishwa kwa nguvu ya dola, na hoja ya makala haya ni kwamba majina ambayo watu wa ukoo huo walijificha nyuma yake yanatuambia zaidi juu ya nani alimkinga nani kuliko juu ya nani alimzaa nani.

Tuanze na lugha. Mac kwa Kigaeli cha Uskoti ni mwana, sawa na bin katika majina ya Waislamu wa pwani yetu, na Gregor ni umbo la Kigaeli la Gregorio, jina la Kigiriki lenye maana ya aliye macho, ambalo lilienea katika Kanisa la Magharibi kwa heshima ya Papa Gregori wa Kwanza aliyefariki mwaka 604. Mwanamke wa ukoo huo, anapotajwa kwa Kigaeli, haitwi MacGriogair bali NicGriogair, kwa kuwa yeye ni binti wala si mwana. Kuhusu tahajia, wale wanaoshikilia kwamba Mc ni ya Waayalandi na Mac ni ya Waskoti wanajisumbua bure: Mc ni ufupisho tu wa makarani, na mtu mmoja aliweza kuandikwa kwa namna zote mbili katika hati mbili za mwaka uleule.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba katika Nyanda za Juu za Uskoti, kabla ya karne ya 18, watu wa kawaida hawakuwa na jina la ukoo lililoganda kama tulijualo leo. Kijijini mtu aliitwa kwa jina lake, la baba yake, pengine na la babu yake, kisha kikaongezwa kitambulisho cha mwili au cha mahali: fulani mwekundu wa nywele, fulani mwenye chongo, fulani wa bonde lile. Jina la ukoo lilitumika zaidi mtu alipokutana na wa nje, alipofika mahakamani, alipotia sahihi mkataba wa ardhi, au alipotakiwa kusema yuko chini ya mkuu gani. Kwa hiyo lilikuwa tangu mwanzo tamko la utii kama lilivyokuwa tamko la nasaba, na mpangaji aliyehamia katika ardhi ya mkuu mwingine hakushangaza mtu akianza kujulikana kwa jina la mkuu huyo.

Ukoo wenyewe una masimulizi makubwa juu ya chimbuko lake. Kaulimbiu yake ya Kigaeli inatamka kwamba uzao wao ni wa kifalme, na masimulizi yanamtaja Griogar, anayedaiwa kuwa ndugu wa Kenneth MacAlpin, mfalme wa karne ya 9 ambaye nasaba za wafalme wa Uskoti huanzia kwake. Wengine wamemhusisha na Giric, mfalme wa mwishoni mwa karne hiyo, ambaye waandishi wa zama za baadaye walimpandisha cheo na kumwita Gregori Mkuu. Madai haya ni ya zamani kweli: yanaonekana katika mkusanyiko mashuhuri wa mashairi ya Kigaeli uitwao Kitabu cha Mkuu wa Kanisa la Lismore, ulioandikwa kati ya mwaka 1512 na 1542 na James MacGregor na nduguye Duncan huko Fortingall, Perthshire. Lakini ukale wa dai si uthibitisho wake. Ndugu hao walikuwa wakiandika zaidi ya miaka 600 baada ya Kenneth, na karibu kila ukoo wa Nyanda za Juu ulikuwa na mtaalamu wa kuupeleka kwa mfalme fulani. Thamani ya kitabu hicho, kwa maoni yangu, iko kwingine: kinaonyesha kwamba karne moja kabla ya sheria kuwachora MacGregor kama majambazi wa milimani, miongoni mwao walikuwamo makasisi wasomi waliokusanya na kuhifadhi hazina ya ushairi ambayo leo wataalamu wa Kigaeli hawawezi kuikwepa.

Mtu wa kwanza tunayeweza kumshika kwa mkono ni Iain Cam, yaani Iain mwenye chongo, bwana wa Glenorchy huko Argyll, aliyefariki mwaka 1390 na ambaye baba yake alikuwa Gregor. Huyu Gregor, ambaye masimulizi yanamwita mwenye hatamu za dhahabu, ndiye yumkini aliyeuachia ukoo jina. Hapo ndipo historia inapoanza na hekaya inapokoma.

Bahati mbaya ni kwamba hata wakati huo ardhi ilikuwa imeanza kuwatoka. Katika karne ya 14 haki za Glenorchy ziliangukia mikononi mwa akina Campbell, ambao walijua mapema kuliko majirani zao kwamba nguvu mpya ilikuwa katika karatasi yenye muhuri wa mfalme. MacGregor waliendelea kuishi Glenstrae, Glen Lyon na pande za Rannoch kwa desturi na kwa upanga, huku mwenye hati akiwa mtu mwingine. Kwa miongo kadhaa mambo yalikwenda kwa sababu pande zote mbili zilinufaika: Campbell walipata wapiganaji, MacGregor wakapata mahali pa kukaa. Mpango huo ulivunjika mwaka 1560, Colin Campbell wa Glenorchy alipokataa kumtambua kijana Gregor Roy MacGregor kuwa mrithi wa Glenstrae. Gregor Roy aliingia msituni akapigana kwa karibu miaka 10. Alikuwa amemwoa Marion, binti wa Duncan Campbell wa Glenlyon, hivyo waliokuwa wakimwinda walikuwa wakweze. Walimkamata, na tarehe 7 Aprili 1570 wakamkata kichwa huko Balloch, mahali pajulikanapo leo kwa jina la Taymouth. Wimbo wa maombolezo unaonasibishwa na mjane huyo, aliyebaki na watoto wawili wa kiume, unaimbwa kwa Kigaeli hadi leo, na ndani yake binti wa Campbell anawalaani Campbell.

Mmoja wa watoto hao wawili ni Alasdair, na ni katika uongozi wake jina lilipopigwa marufuku.

Ukoo usio na ardhi halali ulikuwa kisingizio tayari kwa kila kosa lililotendwa mpakani mwa Nyanda za Juu, na ukweli ni kwamba MacGregor hawakukosa makosa yao wenyewe. Mwaka 1589 John Drummond, msimamizi wa msitu wa mfalme wa Glenartney, aliuawa, na kumbukumbu za baraza zinaeleza kwamba kichwa chake kilipelekwa mbele ya wakubwa wa ukoo katika kanisa la Balquhidder, nao wakaapa mmoja baada ya mwingine kubeba pamoja lawama ya kitendo hicho. Desemba 1602 wapiganaji wao walivamia Glenfinlas, ardhi ya akina Colquhoun wa Luss magharibi mwa Loch Lomond, wakaondoka na ng'ombe 300, farasi 100, kondoo 400 na mbuzi 400. Inasimuliwa kwamba wanawake wa Colquhoun walikwenda Stirling na mashati yenye damu, wakapita nayo mbele ya mfalme. Masimulizi haya huenda yametiwa chumvi, lakini mfalme alimpa mkuu wa Colquhoun mamlaka ya kulipiza. Pande mbili zilikutana Glen Fruin tarehe 7 Februari 1603. Colquhoun walikuwa wengi zaidi, ila walinaswa katika bonde jembamba na kusagwa. Karibu watu 140 wa upande wao waliuawa, na kwa James VI, aliyekuwa akingoja habari za kifo cha Malkia Elizabeth wakati wowote na hakutaka kwenda London akiacha nyuma ufalme usiotawalika, hiyo ilitosha.

Kuna mtu mmoja ambaye haipasi kupitwa juujuu hapa. Archibald Campbell, Earl wa saba wa Argyll, ndiye aliyekuwa amepewa na mfalme jukumu la kuwadhibiti MacGregor katika miaka hiyo. Baada ya Glen Fruin alimshawishi Alasdair ajisalimishe kwa ahadi kwamba atamfikisha salama nje ya ardhi ya Uskoti. Ahadi aliitimiza neno kwa neno: Alasdair alivushwa mpaka hadi Berwick, akageuzwa papo hapo, akarudishwa Edinburgh. Tarehe 20 Januari 1604 alinyongwa kwenye Msalaba wa Soko wa mji huo pamoja na wakubwa wengine 11 wa ukoo. Kabla ya kufa alitoa maelezo, ambayo yamehifadhiwa, akidai kwamba Argyll mwenyewe ndiye aliyemchochea kuwashambulia Colquhoun. Maelezo ya mtu aliyetapeliwa na anayengoja kitanzi yana sababu zote za kuwa na uchungu, lakini hayana budi kupimwa pia kwa kuangalia nani alifaidika, na waliofaidika kwa ardhi za MacGregor walikuwa Campbell.

Sasa tuitazame sheria yenyewe, maana si amri moja bali mlolongo. Amri ya 1603 ilifuta jina. Amri zilizofuata katika muongo uliofuata ziliwakataza waliokuwa MacGregor kubeba silaha yoyote isipokuwa kisu kisicho na ncha cha kukatia nyama, na kukusanyika zaidi ya watu wanne. Kulikuwa hata na kipengele kwamba MacGregor atakayeleta kichwa cha mwenzake wa daraja sawa atasamehewa makosa yake, njia ya kuuvunja ukoo kutoka ndani. Mwaka 1617 Bunge la Uskoti liliithibitisha marufuku na kuielekeza kwa watoto, kwa kuwa waliokuwa wachanga wakati wa amri ya kwanza sasa walikuwa wakibaleghe na kulirudia jina la baba zao. Mwaka 1633 sheria nyingine ilimkataza mchungaji yeyote kumbatiza mtoto wa kiume kwa jina la Gregor, na mwandishi yeyote wa hati kuandika mkataba wenye jina hilo. Atakayefanya hivyo angepoteza kazi yake.

Sheria hiyo ya 1633 ndiyo hasa inayomhusu mtafiti wa majina. Upanga haukuweza kumfikia kila MacGregor, lakini mwandishi wa hati aliweza. Mtu asiye na jina linaloandikika hakuweza kukodi shamba, kukopa, wala kumdai mdeni wake mahakamani, na kwa hiyo hata yule ambaye nyumbani kwake aliendelea kuitwa MacGregor na mkewe, majirani na mbwa wake alilazimika kuwa na jina la karatasini. Jina hilo alilipata wapi? Mara nyingi kwa mwenye ardhi aliyekubali kumpokea au kumdhamini: Murray, Drummond, Graham, Stewart, Grant, na naam, hata Campbell. Wengine walichukua jina la mama. Wengine walilipunguza jina lao lenyewe likawa Gregory au Greig, na wapo waliokubali majina mepesi kama White na Black.

Mfano ulio wazi kuliko yote umo katika nyumba moja. Rob Roy, kwa Kigaeli Raibeart Ruadh, yaani Robert Mwekundu, alizaliwa Glengyle mwaka 1671, wakati jina likiwa halali. Mwaka 1661 Charles II alikuwa ameziondoa sheria zote dhidi ya ukoo huo kwa sababu ulipigana upande wa baba yake chini ya Montrose, jemadari wa mfalme, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Lakini mwaka 1693, chini ya Mfalme William wa Orange, marufuku ilirudishwa, na Rob Roy akiwa kijana wa miaka 22 akajikuta hana jina kwa mara ya kwanza maishani. Alichukua la mama yake, Margaret Campbell, na kwa jina hilo la maadui wa jadi akafanya biashara ya ng'ombe na kutia sahihi. Mpwa wake Gregor, aliyejulikana kwa Kigaeli kama mwenye goti jeusi, kwenye karatasi alikuwa James Graham. Mwanawe James Mor alijiita Drummond. Mwanawe mwingine, Robin Oig, aliposhtakiwa kwa kumteka mjane Jean Key ili amwoe kwa nguvu, hati za kesi zilimtaja MacGregor, almaarufu Campbell, almaarufu Drummond. Alinyongwa mwaka 1754. Hebu fikiria mtafiti wa leo anayezikuta hati hizo nne bila kujua habari yao. Atahitimisha kwamba ameona watu wa koo tatu au nne tofauti, ilhali wote walikaa kuzunguka ziwa moja na kula chungu kimoja. Rob Roy mwenyewe alifariki Desemba 1734 na kuzikwa Balquhidder, na bamba lililowekwa kaburini baadaye sana linasema kwa jeuri: MacGregor, licha yao.

Marufuku ilifutwa kabisa na Bunge la Uingereza mwaka 1774, wakati Nyanda za Juu zilikuwa zimekwisha kunyang'anywa silaha na vijana wake kugeuzwa askari wa himaya. Lakini kufuta sheria hakukurudisha majina. Baadhi ya familia zililirudia jina la MacGregor mara moja. Nyingine, ambazo zilikuwa zimezaa na kuzika kwa jina la Murray au Stewart kwa vizazi vinne au vitano, hazikuona sababu ya kubadili. Ukoo ulihitaji pia mkuu, na hapo kikaja kichekesho chenye mantiki yake: wanaukoo 826 walitia sahihi hati ya kumtambua John Murray wa Lanrick, mwanajeshi aliyetumikia India, kuwa mkuu wa MacGregor. Mkuu wa MacGregor, kwa hiyo, aliitwa Murray, na hakupata kibali cha mfalme cha kubadili jina mpaka mwaka 1822. Mwaka huohuo Mfalme George IV alizuru Edinburgh, na MacGregor, wakiwa wamevalia mavazi ya ukoo, ndio waliopewa heshima ya kulinda taji, fimbo na upanga wa ufalme vilipobebwa kutoka ngome ya Edinburgh kwenda kasri la Holyrood. Njia hiyo inapita hatua chache tu kutoka mahali aliponyongewa Alasdair.

Ziara hiyo ya 1822 ilizaa pia mtafaruku mpya. Waskoti na wazao wao walioko Marekani, Kanada na Australia walianza kutamani ukoo wa kuegemea, na wauza vitambaa wakawatengenezea orodha ndefu za majina yanayohesabiwa chini ya kila ukoo. Kwa MacGregor orodha hizo zilivimba kupita kiasi, kwa kuwa kila jina lingeweza kudaiwa kuwa lilikuwa la kujificha. Hapa inafaa kuwa na jicho la karani. Gregory na Greig yanatokana na jina lilelile la Gregori, lakini Gregori lilikuwa jina la ubatizo katika Ulaya nzima, na mtu aliweza kuwa mwana wa Gregory bila kuwahi kuuona mlima wa Uskoti. Mtunzi wa muziki wa Norway, Edvard Grieg, kweli alikuwa na baba wa babu aitwaye Alexander Greig aliyehama kutoka kaskazini mashariki mwa Uskoti kwenda Bergen katika karne ya 18. Kwamba Greig huyo alikuwa wa damu ya MacGregor ni jambo jingine linalohitaji ushahidi wake. Wasomaji wa Kenya na Tanzania wanalo jina la namna hiyo karibu nao: tawi la mashariki la Bonde la Ufa wanajiolojia huliita Ufa wa Gregory, kwa heshima ya John Walter Gregory aliyelichunguza mwaka 1893 na baadaye kuwa profesa Glasgow. Alizaliwa London, na jina lake peke yake halimpi mtu ruhusa ya kumvisha sketi ya MacGregor.

Kisa cha Magruder kinafundisha zaidi. Alexander Magruder wa Perthshire alifika Maryland katika miaka ya 1650 akiwa mfungwa wa vita, na wazao wake wengi wakawa nguzo ya chama cha ukoo wa Gregor kilichoanzishwa Marekani mwaka 1909. Lakini wataalamu wa majina hulitoa Magruder kwenye neno la Kigaeli grùdaire, yaani mtengeneza pombe, ambalo halina uhusiano wowote na Gregor.

Vipimo vya kromosomu Y, ambayo mwanamume huirithi kwa baba yake tu, vimeleta mwanga kiasi. Miongoni mwa wanaume waliopimwa limejitokeza kundi linaloshiriki mstari mmoja na familia za wakuu wa zamani, na ndani ya kundi hilo wamo watu wenye majina mengine kabisa. Wakati huohuo wapo MacGregor wengi wa jina walio nje yake. Asiyeijua historia ataona hilo ni fedheha. Kumbe ndivyo ukoo ulivyokuwa siku zote: kiini cha jamaa, na kukizunguka wapangaji, wapiganaji, wakwe na watu waliotafuta hifadhi, wote wakibeba jina moja.

Kwa mtafiti wa familia, kazi inabaki katika vitabu vya parokia za Perthshire, Argyll na Stirlingshire, ambamo karani mwangalifu wakati mwingine aliandika majina yote mawili bega kwa bega, kama vile Stewart almaarufu McGregor, na ambamo ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuonekana kwa majina tofauti baada ya 1774, mmoja akiwa amerudi na mwingine akiwa amebaki. Kilicho salama kufuatwa katika vitabu hivyo ni shamba, wadhamini wa ubatizo na jina la mwenye ardhi, kabla ya jina la baba. Hali hiyo ya kuyumba ilikoma tarehe 1 Januari 1855, usajili wa lazima wa vizazi, ndoa na vifo ulipoanza Uskoti. Msajili hakuuliza babu wa babu aliitwaje. Aliandika jina ambalo familia ilikuwa ikilitumia siku hiyo, liwe MacGregor au la yule aliyempa hifadhi, na tangu hapo hilo ndilo watoto walilolirithi.